Zile Siku Tulizolala Nje



Ndugu wasomaji, jamaa wa mbali hutuuliza ilikuwaje hapa kwetu Gisenyi mwezi wa Mei 2021. Leo tuandike kidogo, maana hata sisi tumeanza kusahau, na watoto waliokuwa mgongoni siku zile sasa wanakwenda madrasa.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 22, siku ya kumi ya Shawwal. Wengine nyumbani walikuwa wamefunga zile sita, wakafuturu vizuri. Mara mbingu ya upande wa Goma ikawa nyekundu kama jiko. Nyiragongo umelipuka! Sisi tunakaa Mbugangari, karibu na mpaka. Usiku ule njia ilijaa watu wenye magodoro vichwani na watoto mikononi. Nyumba yetu ya vyumba vitatu ililaza watu ishirini na mmoja, akiwemo wifi yetu wa Birere na wanawe wanne.

Asubuhi tukasikia lava imesimama Buhene, pembezoni mwa mji, si mbali na uwanja wa ndege. Watu wapatao thelathini walifariki, Allah awarehemu. Wengi wa wageni wakarudi makwao. Tukasema alhamdulillah, yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Ardhi ilitikisika mchana, ikatikisika usiku, hata tukaacha kuhesabu. Vikombe vilianguka kabatini. Ukuta wa sebuleni ulipata ufa unaopitisha mkono wa mtoto. Tukatoa mikeka na blanketi, tukalala uani kwenye baridi, na kila mmoja amelala na viatu.

Lililotutisha zaidi lilikuwa ziwa. Chini kabisa ya Kivu kuna gesi iliyoyeyuka majini, kaboni dayoksaidi kiasi cha kilomita za ujazo 300 na methani kama 60, nayo inazuiwa na uzito wa maji ya juu. Wataalamu walihofia moto wa mlima unapita chini ya mji kuelekea ziwani. Kule Kameruni mwaka 1986 ziwa Nyos lilitoa gesi usiku mmoja, wakafa watu kama 1,700. Nyos ni dogo sana mbele ya Kivu. Habari hizi zilizunguka kwenye simu, za kweli na za uongo zimechanganyika, na sisi tunatazama maji yaliyotulia kama kawaida.

Alfajiri ya Alhamisi tarehe 27, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini akaamuru mitaa kumi ya Goma ihame. Watu wakamiminika tena, wengi kuelekea Sake, wengine kwetu. Wifi akarudi na wanawe wote.

Tukakaa uani kushauriana. Kaka yetu mkubwa alikataa kuondoka. Alisema ajali ya mtu imeandikwa, na anayeikimbia anaonesha upungufu wa tawakkul. Ustadhi jirani yetu akamkumbusha Sayyidna Umar (radhi za Allah zimshukie) alivyorudi njiani aliposikia tauni imeingia Sham. Aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, naye akajibu kuwa anatoka kwenye kadari moja kwenda kwenye nyingine. Kaka akanyamaza, lakini hakukubali. (Ni mbishi tangu utotoni, anajua tunampenda.)

Sote tukamtazama mama. Yeye aliiona ya 1977, akaiona na ya Januari 2002, lava ilipoingia ziwani na gesi isitoke. Siku zote tano alikuwa akisema hahami. Aliwatazama watoto wa wifi waliolala mkekani, akasema, "Roho yangu naweza kuibakisha hapa, ni mimi na Mola wangu. Hawa wameletwa kwangu. Ni amana. Tafuteni gari."

Basi! Hakuna aliyebisha tena, hata kaka. Tulikodi gari dogo likaenda Musanze mara mbili. Mama alipanda safari ya pili, cherehani yake magotini, hakutaka iwekwe nyuma.

Tulikaa kwa mjomba siku kumi na mbili, tumebanana, tukigombania choo. Mlipuko wa pili haukuja. Tarehe 7 Juni serikali ya Kongo ikatangaza watu waanze kurudi Goma, nasi tukarudi wiki ileile. Nyumba tuliikuta imesimama, kuku wawili hawapo.

Kaka bado hutukumbusha, "Si niliwaambia?" Mama humjibu kwamba angesema hivyo hivyo hata kama tungezikwa, kama angebaki wa kusema. Wengine kati yetu huona tulitumia fedha nyingi kwa hofu tupu. Wengi wetu hatuoni hivyo.

Ufa tumeuziba kwa saruji, ila rangi haijafanana. Nyuma ya mlango uko mfuko wenye vitambulisho, tochi, dawa za presha za mama na kanga mbili. Kila Ijumaa kabla ya kwenda kuswali, mama huwasha ile tochi kuona kama betri bado zina nguvu.

Wassalaam alaykum.