Nikikutana na Satya Nadella, Nitamwambia Nini?

Mtu mashuhuri huombwa mengi na kuulizwa machache. Nimewasikia wenzangu wa darasa la uzamili wakilijadili jambo hili: mmoja angemwomba mkuu wa kampuni ya teknolojia kazi, wa pili ufadhili wa masomo, wa tatu picha ya kuwaonyesha jamaa. Siwalaumu, maana maisha ya mwanafunzi twayajua. Mimi nimemchagua Satya Nadella, aliyeshika usukani wa Microsoft mwaka 2014, wala sitamwomba kitu.

Kinachonivutia kwake si utajiri. Nadella alizaliwa Hyderabad, India, mwaka 1967, na mamake alikuwa mtaalamu wa Kisanskriti. Yeye mwenyewe ni mpenzi wa mashairi, na amewahi kuufananisha uandishi wa programu za kompyuta na utunzi: kote kuwili, mengi hubanwa katika mistari michache na kiini chake kisipotee. Sisi tuliolelewa na ushairi wa Kiswahili twalielewa hilo barabara. Mshororo wa tarbia kwa kawaida una mizani 16 tu, 8 za ukwapi na 8 za utao, na humo mtunzi hutia hoja, vina na mahadhi.

Siku hiyo, basi, nitamwamkia kwa Kiswahili kwanza, kisha nimfasirie. Sitamsifu sana, sifa amezizoea. Nitamshukuru kwa jambo moja: kusema hadharani kwamba ushairi na kompyuta havina uadui, kauli ambayo huwajibu nayo jamaa wanaoniuliza shahada ya fasihi italeta nini nyumbani. Halafu, kwa kuwa kuuliza si ujinga, nitauliza swali moja:

“Bwana Nadella, mashine ikilitafsiri shairi la Kiswahili, ikaibeba maana na kuviacha vina na mizani njiani, ni nani katika kampuni yako atakayesikia kwamba pameharibika, kama vile mamako angalivyosikia ubeti wa Kisanskriti ukiharibiwa?”

Swali hili si la kumtega. Mashine hufunzwa kwa maandishi, na lugha yenye maandishi machache mtandaoni huonekana maskini hata ikiwa tajiri wa tungo. Kiswahili kina tungo za karne kadhaa, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa hati za Kiarabu. Baadhi ya miswada hiyo imehifadhiwa SOAS, London, na mingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtambo usiozisoma tungo hizo utakijua Kiswahili cha matangazo na vichwa vya habari, usikijue cha malenga.

Nahofia jibu moja tu: naye aniulize sisi wanafunzi na wahadhiri tumezinakili na kuzihariri tungo ngapi. Swali hilo litakuwa la haki. Ndiposa nawarai wenzangu kwamba kila anayeandika tasnifu ya ushairi anakili angalau utenzi mmoja ambao haujapigwa chapa, vina na mizani vikiwa mahali pake. Tukimfikia mkuu yeyote wa teknolojia tukiwa na kazi hiyo mkononi, tutazungumza naye kama watu wenye kitu cha kutoa, na salamu yetu ya Kiswahili itakuwa na uzito wake.