SARE YA MTOTO HAIJANUNULIWA, BABA KARUDI NA KITABU CHA MIZIMU!

Wadau, kuna wanaume wanamalizia hela kwenye bia, wengine kwenye kubeti. Jamaa mmoja wa Bukoba mjini, dereva wa bodaboda mwenye watoto wawili, ugonjwa wake ni vitabu. Na siyo vitabu vyovyote tu, ni zile riwaya za zamani za Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyetuletea Bwana Msa, mpelelezi wa kiko mdomoni.

Kwa wasiojua, Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la kuandika hadithi la 1957/58, ikachapwa 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu, watu wanatetemeka, lakini Bwana Msa anavuta kiko chake na kuanza kuwahoji walio hai. Mwaka 1968 kikaja Kisima cha Giningi. Huko Zanzibar ukitaja Giningi watu wanajua unazungumzia makao ya wachawi. Zikafuata Duniani Kuna Watu (1973) na Siri ya Sifuri (1974). Umeme ukatike ukiwa unasoma, shauri yako!

Wenzetu Ulaya vitabu kama hivi wanavienzi. Pale London kuna Folio Society, tangu 1947 inatoa vitabu vya zamani kwa jalada gumu na michoro ndani. Huku kwetu gundi ikikauka, kurasa zinamwagika. Basi jamaa anajitengenezea mwenyewe. Anapeleka kitabu kwa fundi kinajalidiwa jalada gumu, halafu mchora mabango anamchorea picha za kubandika ndani. Kikikamilika kinavalishwa nailoni na kupandishwa juu ya kabati, na ole wake mtoto atakayekigusa.

Januari mambo yakaharibika. Mkewe, binti wa Muleba anayeuza karanga, alimpa elfu 60 akanunue sare na viatu vya mtoto. Jamaa akapata abiria wa Muleba, na huko akakutana na mwalimu mstaafu mwenye sanduku la vitabu. Jioni akarudi na Mzimu wa Watu wa Kale iliyochakaa, haina hata jalada.

"Baba, si unayo nyingine safi pale juu? Hii chafu ya nini?"

"Mama, hii ni toleo la zamani."

"Kwa hiyo mtoto akavae toleo la zamani shuleni?"

Siku mbili nyumba nzima kimya. Siku ya tatu mama akaishiwa karatasi za kufungia karanga. Akakichukua kile kitabu, akaanzia nyuma ili achane.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na majina kwa penseli. Kumbe mwalimu alikuwa anawaazima vijana wa kijijini, na kila aliyerudisha aliandika jina lake. Jina la tisa lilikuwa la mama yake mzazi, marehemu, kabla hajaolewa, kwa mwandiko wake ule ule wa kulalia kushoto. Mama ambaye bintiye alijua maisha yake yote alisoma Biblia tu.

Karanga hazikufungwa siku hiyo.

Mume aliporudi alikikuta kitabu mezani. Mke akasema neno moja tu: "Uza kile kisafi."

Hapo jamaa alikosa pumzi. Kile kisafi ndicho kilikuwa fahari yake, na kuna mteja wa Dar alishamwekea laki mbili akakataa. Alikaa nje mpaka usiku. Wiki iliyofuata kitabu kikapanda basi. Sare ikanunuliwa, viatu vikanunuliwa, chenji akakabidhiwa mama.

Kile kilichochakaa nacho kikapelekwa kwa fundi kwa masharti mawili ya mama: ukurasa wa majina usikatwe hata kidogo, na nailoni hapana.

Siku hizi Jumapili usiku baba anasoma kwa sauti, watoto wamejifunika khanga mpaka puani, mama anamenya karanga. Binti mkubwa ameshaandika jina lake chini kabisa ya ile orodha.

Ila mpaka leo jamaa akiangalia juu ya kabati anaguna. Wadau, mama alitenda haki? Na ingekuwa wewe, ungeuza kipi?