Kati ya 750 Ti na 1030

Desemba ndiyo iliyotufundisha wapiga video wa Holili kusoma kadi za grafiki. Mwezi huo watu wa Kilimanjaro walioko Dar es Salaam, Dodoma na Nairobi hupanda kurudi kwao, na mambo ya ukoo huwa yamewasubiri mwaka mzima: harusi, ubatizo, kubariki nyumba mpya, misa za kuwakumbuka marehemu. Kila shughuli ina video yake, na mwenye shughuli huitaka mkononi kabla mabasi ya Januari hayajaanza kushuka.

Tulianza na mashine za mtumba, Dell OptiPlex na HP Compaq zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya. Hazikuwa na kadi ya grafiki. Prosesa ilibeba kazi yote peke yake, na harusi moja ililala inarenda usiku kucha. Umeme ukikatika saa tisa usiku, asubuhi unaanza upya. Mwaka 2011, mgawo ulipokuwa mkali nchi nzima, nilipanga kazi kwa kufuata ratiba ya umeme, si kwa kufuata ahadi nilizowapa wateja. Yalikuwa maisha magumu, na maharusi waliosubiri hawakuwa na sababu ya kuyaelewa.

Kadi zilipoanza kufika, zilifika kwa njia mbili. Nyingine zilipanda na basi kutoka Kariakoo, nyingine zilivuka kutoka Nairobi kupitia Taveta, mara nyingi Jumatano au Jumamosi, siku za soko la Taveta, mtu anapokuwa na safari yake nyingine. Zamani ulisimama foleni upande wa Kenya, kisha ukasimama tena upande wetu. Tangu kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kilipofunguliwa mwaka 2016, taratibu za nchi zote mbili zinamalizwa sehemu moja, na kifaa kidogo kama kadi hakimpotezei mtu siku nzima.

Siku hizo swali la dukani lilikuwa moja tu: "Fundi, hii ina GB ngapi?" Ya GB 4 ilionekana kubwa kuliko ya GB 2, basi. Wauzaji walilijua hilo, na GT 730 za GB 4 zenye kumbukumbu ya DDR3 zikauzika sana. Lakini kumbukumbu kubwa yenye njia nyembamba ni sawa na ghala la mahindi lenye mlango mmoja: limejaa, na malori yamepanga foleni nje.

Kilichobadilisha mazungumzo hapa mpakani ni kadi mbili za NVIDIA zilizokutana kwenye meza moja. GTX 750 Ti ilitoka Februari 2014, GT 1030 ikatoka Mei 2017. Kijana mmoja mpiga video alikuja akiwa na uhakika kabisa.

"Shikamoo kaka. Hii ni ya juzi, ile ina miaka mitatu. Ya zamani itashindaje?"

"Marahaba. Usisome mwaka, mdogo wangu. Soma karatasi yake."

Tukaisoma pamoja. Zote mbili zina GB 2 za GDDR5. Ila 750 Ti ina viini 640 vya kukokotoa, 1030 ina 384. Njia ya kumbukumbu ya 750 Ti ina upana wa biti 128 na inapitisha GB 86.4 kwa sekunde. Ya 1030 ina biti 64 na inapitisha 48. Viini vya 1030 hukimbia kasi zaidi, kwa hiyo pengo si kubwa kama hesabu ya viini inavyoonyesha, lakini kwenye michezo mingi bado ile ya zamani inatangulia.

Kwa mtu wa harusi lipo jambo zito kuliko hayo. 750 Ti ina saketi maalumu ya kubana video ya H.264, ambayo NVIDIA huiita NVENC. GT 1030 haina. Programu inayojua kutumia saketi hiyo huipunguzia prosesa mzigo, na kazi ya usiku kucha inageuka kazi ya jioni. Upande wa mbele wa boksi hausemi lolote kuhusu hilo.

Mpya nayo ilikuwa na haki yake. Inakula wati 30, mwenzake 60. Zote hupata umeme kwenye ubao mama bila waya wa ziada, na kwa OptiPlex ndogo yenye pawa saplai ya wati 240 hilo ni jambo la kufa na kupona. Ndiyo maana kadi za RX 580 zilizomwagika sokoni baada ya sarafu za mtandaoni kuporomoka mwaka 2018 hazikutufaa. Zilikuwa na nguvu kweli, lakini wati 185 na waya wake wa umeme hazikuwa saizi ya mashine zetu.

Mwaka huohuo wa 2018 ilitoka GT 1030 nyingine yenye jina lilelile, kumbukumbu yake ikiwa DDR4 badala ya GDDR5. Inapitisha GB 16.8 tu kwa sekunde, karibu theluthi moja ya ile ya kwanza. Kuziuza kadi hizo mbili kwa jina moja haikuwa haki kwa mnunuzi, na bado nasema hivyo.

Kisha simu zikageuza mizani. Wageni walianza kutuletea vipande vya video vilivyorekodiwa kwa muundo wa HEVC, na hapo 1030 ilivifungua laini huku 750 Ti ikiiachia prosesa ihangaike. Nikabaki na mashine mbili, moja ya kufungulia na kukatia, nyingine ya kutolea kazi iliyokamilika. Umeme nao umetulia kuliko zamani, hasa tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuzalisha mwaka 2024.

Sasa kadi zote mbili zimefika mwisho mmoja. NVIDIA ilitoa draiva yao ya mwisho ya kawaida Oktoba 2025, na yatabaki marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Kwa hiyo ukishuka Moshi kutafuta kadi ya kazi ya Desemba, usikubali kuambiwa GB peke yake. Muulize muuzaji aina ya kumbukumbu, upana wa njia, wati, na kama kadi inabana video yenyewe. Akishindwa kujibu, mwombe namba kamili ya kadi uisome mwenyewe kabla ya kutoa hela.