Bibi hakumaliza kusoma

Nimekuwa kimya wiki mbili. Msininunie, nilikuwa kijijini kwa bibi.

Kabla ya safari nilisoma habari za Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu. Kilianzia Toulouse, Ufaransa, mwaka 1973, kikaingia Uingereza mwaka 1982. Huko Uingereza wastaafu hufundishana wenyewe: hawa wanasoma riwaya, wale wanafuatilia historia za koo zao, wengine wanaangalia filamu na kuzijadili. Hakuna mtihani wala cheti.

Nikamsimulia bibi. Yeye alijifunza kusoma akiwa tayari na watoto wawili, enzi za kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wakajifunza kweli: kuandika, kilimo bora, afya. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya redioni, wakachimba vyoo.

Bibi akauliza, "Hao wazee, mume wangu, wanasoma hadithi tu? Za kujifurahisha?"

"Ndiyo, bibi."

Akanyamaza kidogo. "Sisi tulifundishwa kusoma. Hadithi hakuna aliyetuletea."

Jamani! Mimi naishi kwa kalamu. Miaka yote nimempelekea sukari, khanga na dawa. Kitabu? Hata kimoja.

Kwenye begi nilikuwa na Rosa Mistika ya Kezilahabi. Macho yake hayawezi tena herufi ndogo, nikamsomea kwa sauti. Tulipofika pale Zakaria anapompiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, akanishika mkono.

"Huyo ni baba yangu mtupu."

Ndipo nikajua kwa nini hakupelekwa shule utotoni. Baba yake aliikuta barua ya dada yake mkubwa, akaapa hakuna binti yake mwingine atakayejua kuandika. Usiku ule tulisoma kurasa tatu tu, lakini daftari langu lilijaa: jina la mama yake, walikotoka, nani alizikwa wapi. Nimehoji mawaziri, wasomaji wangu. Bibi sikuwahi kumhoji.

Wewe je, unalijua jina la mama yake bibi yako?

Pasaka narudi, na filamu nitaipakia kwenye simu tuiangalie pamoja. Kitabu nimekiacha kwake, chini ya mto. Kasema nisije nikanunua kingine mjini nikasoma mbele bila yeye.