Mwaka Mmoja Ugenini na Mtoto Mgongoni

Mnamo mwezi wa Septemba 2018 niliondoka Bombo kwenda Ujerumani kusomea mambo ya afya kwa muda wa mwaka mmoja. Mimi ni muuguzi, na mume wangu ni askari. Wakati huo yeye alikuwa kambini Singo pamoja na wenzake, wakijiandaa kwenda Somalia katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Afrika, lililokuwa likiitwa AMISOM. Mtoto wetu Juma alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi tisa.

Jamaa walikaa kikao. Mama mkwe alitaka mjukuu abaki kwake, na dada yangu akasema kwamba baridi ya Ulaya itamdhuru mtoto. Baba Juma ndiye aliyekata shauri, tena kwa simu: "Mimi naondoka na wewe unaondoka. Mtoto asiachwe na wote wawili." Basi nikamfunga mgongoni, tukaenda.

Heidelberg ni mji uliopo kando ya mto Neckar, na chuo chake kikuu kilianzishwa mwaka 1386. Ni mji mzuri, wala sina sababu ya kuusema vibaya. Lakini ndugu zangu mnaoishi katika nyumba za kambi mtanielewa nikisema kwamba kilichonishinda siku za kwanza kilikuwa ukimya. Bombo, mtoto akitoka mlangoni amekwisha kuwa mikononi mwa watu. Jirani humlisha, mwingine humkanya, na mama hupata nafasi ya kufua. Kule nilikaa katika chumba kimoja ghorofa ya tatu, na mlango ukifungwa tulibaki wawili tu. Bibi mmoja aliyekaa chini yetu alipanda kutuarifu kwamba mchana watu hupumzika, na kwamba Jumapili kutwa haifai kupiga kelele. Nilijaribu kumweleza Juma habari za Jumapili. Alikuwa akiruka kutoka kitandani.

Huko kuna sheria, iliyoanza tarehe 1 Agosti 2013, inayompa kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja haki ya kupata nafasi katika kituo cha kulelea watoto. Haki ni kitu kimoja na nafasi ni kitu kingine. Sisi tulingoja wiki sita. Katika wiki hizo mke wa mwanafunzi mwenzangu kutoka Malawi alinishikia mtoto, nami nikamsukia nywele na kumpikia maharage kila Jumamosi. Bila yeye ningalirudi nyumbani kabla ya Krismasi.

Nafasi ilipopatikana mnamo Novemba, nilidhani nitamwacha mtoto mlangoni na kukimbilia darasani. La hasha! Kwa desturi yao mzazi huingia pamoja na mtoto, huketi pembeni bila kusema neno, na siku tatu za kwanza haondoki kabisa. Siku ya nne huaga na kutoka kwa dakika chache tu. Mtoto akilia asinyamazishike, mzazi huitwa arudi. Dakika huongezwa kidogo kidogo hata mtoto amzoee mlezi wake. Mimi nilikasirika, maana nilikuwa nikikosa masomo. Hata hivyo nilipomwona Juma, siku ya tisa, akimwendea mlezi yule ili afutwe machozi badala ya kunijia mimi, nilielewa walichokuwa wakikitafuta. Nilifurahi, na moyo ukaniuma papo hapo.

Walimpa kulabu ya kutundikia koti lake, yenye picha ya kobe, kwa kuwa hajui kusoma. Tulitakiwa kuleta ndala za ndani na suruali ya mpira, kwani watoto hutolewa nje hata mvua inyeshapo. Karibu na tarehe 11 Novemba walitembea jioni barabarani wakiwa wameshika taa za karatasi na kuimba, kwa kumkumbuka Mtakatifu Martin. Juma hakujua neno hata moja la wimbo, lakini taa yake hakuiachia mpaka usingizini.

Jambo la kumbeba mgongoni lilinichekesha. Nilidhani watanishangaa, kumbe akina mama wa huko nao hununua vitambaa virefu vya kubebea watoto, kwa bei ambayo mimi ningenunulia kanga za ukoo mzima.

Wakati wa baridi jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi na kutua kabla ya saa kumi na moja jioni. Mafua hayakuisha. Mtoto mwenye homa hapokelewi kituoni, nami nilikosa siku nyingi darasani. Insha zangu niliandika bafuni usiku, taa ya chumbani ikiwa imezimwa. Mwezi wa Juni mambo yakageuka. Jua lilikuwa bado linawaka saa tatu usiku, na Juma akakataa katakata kulala mchana, kama alivyouona yeye.

Lakini lililonitia hofu kweli lilikuwa suala la lugha. Baba yake alitupigia simu ya picha kutoka Mogadishu kila alipopata nafasi. Juma alizoea kuiona sura ile katika kioo, hata akaiita simu yenyewe Baba. Simu ikiwa mezani, husema, "Baba amelala." Mwanzoni walizungumza vizuri. Kufikia Machi mtoto alikuwa akimjibu kwa Kijerumani, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa la kukataa: nein. Siku moja baba yake alimwuliza kama amekula. Juma akaeleza kwa maneno mengi, kwa furaha, na baba hakuambua hata moja. Akanyamaza. Kisha akaniambia, "Mama Juma, nitakaporudi nitahitaji mkalimani nyumbani kwangu?" Alisema kwa mzaha, lakini usiku ule sikulala.

Nilikumbuka maneno ya daktari wa watoto. Huko kila mtoto ana daftari la manjano la kupimwa afya, na karibu na kutimiza miaka miwili huangaliwa kama anaunganisha maneno mawili. Nilimwambia kwamba Juma husema "maji nataka", ila kwa Kiswahili. Daktari alicheka, akaandika kwamba anaweza, akanisihi nisiache kusema naye lugha yangu. Nami nilikuwa nimeiacha, kwa uchovu tu, kwani ilikuwa rahisi kumjibu kwa maneno aliyoleta. Tangu siku ile, aliponiambia "Wasser", nilimpa maji baada ya kusema "maji". Tuligombana sana juu ya vikombe vya maji. Yule bibi wa chini alitusikia, bila shaka. Siku moja alipokutana nasi ngazini alimwambia Juma "maji", akaenda zake.

Tulirudi Septemba 2019. Nyanyake alimwandalia posho na maharage, mjukuu akaomba mkate na jibini. Baba yake alirejea mnamo Novemba, akiwa amekonda, na ndevu amezinyoa. Juma alijificha nyuma ya sketi yangu. Mume wangu hakumlazimisha. Aliketi pembeni bila kusema neno, kama nilivyokuwa nimemsimulia habari za kituo kile, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku ya nne alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba, akapiga simu yangu. Juma aliikimbilia: "Baba!" Wakazungumza kwa Kiswahili juu ya kuku wa jirani, na baba akazunguka nyumba polepole, akiendelea kusema, mpaka akaingia mlangoni.

Mtoto alimtazama, akaitazama simu. Akakubali kupakatwa. Lakini kwa wiki mbili hivi, kila jioni, akiwa amekaa juu ya mapaja ya baba yake, aliniomba simu ampigie Baba.