Lile Sanduku la Baba Yako

Ujiji, Jumatatu usiku

Mwanangu mpenzi,

Huku hatujambo. Mvua zimekawia, dagaa wamepanda bei, mama yako mdogo ametoka hospitali na anatembea mwenyewe mpaka kwa jirani. Dada yako kajifungua salama, hilo najua umeshapigiwa simu.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu unaniitikia "sawa shangazi" kabla sijamaliza kusema. Nimesikia jambo. Nimeambiwa kuna bwana anayewauzia watalii picha za kale, kakufuata huko Dar, na mmeshapatana bei ya sanduku la negativu za marehemu baba yako, kwa kuwa ndani yake mna picha za meli ya Liemba. Aliyenambia si mbea, ni mtu wa nyumbani. Akaongeza kwamba wewe unasema hakuna hasara, maana picha zote za kwenye albamu umeshazipiga kwa simu. Kama ni uongo, basi barua hii ichukulie kuwa ni salamu. Kama ni kweli, isome mpaka mwisho.

Hebu tuanze na hicho ulichokipiga kwa simu. Zile picha za rangi za albamu zimeshageuka nyekundu zote, ziwa lenyewe halitofautishiki na udongo. Wewe umepiga picha ya uchakavu, mwanangu. Negativu nyingi za baba yako ni za nyeusi na nyeupe, na hizo zimesimama vizuri mpaka leo. Tena kamera yake ilikuwa Yashica ya lenzi mbili, ile ya kuning'iniza kifuani ukainamisha kichwa kuchungulia kwa juu. Roli moja ilitoa picha 12 tu, na kila picha ni ya mraba. Karatasi za studio zilikuwa za mstatili, kwa hiyo fundi alikuwa akikata ubavu ili picha ienee. Kilichokatwa hakimo kwenye albamu. Kimo kwenye negativu.

Sikuelezi habari ya vitabuni. Baba yako aliniachia bahasha yenye vipande vichache vya negativu. Likizo iliyopita mjukuu wangu, huyu wa kidato cha tatu, aliwasha tableti ikawa nyeupe kioo kizima, akalaza kipande juu yake, akapiga kwa simu kisha akageuza weusi kuwa weupe. Ilikuwa ile picha ya sitaha ya Liemba unayoijua, baba yako mkubwa kasimama na kofia, nyuma yake vikapu. Kwenye albamu picha inaishia begani mwake. Kwenye negativu, baada ya bega, kuna mwanamke kakaa juu ya gunia, kashika ushungi kwa meno, mkono mmoja umezuia birika lisipinduke. Uso umegeuka nusu. Ni bibi yako.

Unajua bibi yako hakukubali kupigwa picha maisha yake yote. Hata ya kitambulisho alikwenda kwa kuburutwa, na kitambulisho chenyewe kilipotea. Sijui angesema nini kujiona pale. Huenda angenipiga kibao mimi na baba yako pamoja. Lakini ndiyo picha yake pekee niliyowahi kuiona, na ilikuwa kwenye vipande vyangu vichache. Sanduku ulilonalo wewe lina vingapi?

Safari yenyewe ilikuwa mwaka 1983. Tulikuwa tunakwenda harusini Mbeya, na baba yako akashikilia kwamba hatupiti njia ya reli, tutashuka na ziwa. Ulikuwa mwaka wa dhiki, sukari kwa foleni, na msako wa wahujumu uchumi umeanza, watu wakificha hata sabuni ya kufulia. Filamu Kigoma hazikuwepo. Zile roli zilitoka Bujumbura, na aliyetoa fedha ni mimi, kutoka kwenye mshahara wangu wa ukarani. Wakati huo wasichana wa mtaa wetu wenye mshahara hawakumaliza vidole vya mkono mmoja. Nalisema hili kwa sababu baba yako mkubwa, alipokuja kuiuza kamera, hakuniuliza. Sikusema kitu, na sasa sisemi kitu.

Karema na Kipili hakukuwa na gati la kufunga meli ile. Liemba ilikuwa inapiga honi, inasimama majini mbali na pwani, basi ungeona mitumbwi inakuja mbio kama inashindana. Watu walikuwa wanapandia mlango wa ubavuni: mtoto anarushwa kwanza, halafu gunia la dagaa, halafu mama mwenyewe, na wanaoshuka wanasukuma kwenye mlango huohuo. Baba yako alikuwa juu anapiga. Kila abiria aliyekaa karibu alihadithiwa kwamba meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ikaungwa hapa Kigoma; Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, na ikarudi kazini 1927. Huyo bwana wako anayajua hayo yote, na anaitaka meli. Asichokijua ni yule mwenye mtoto mgongoni kwenye mtumbwi wa mbele ni nani, hali mimi namjua mpaka ukoo wake. Akishaliuza sanduku, watu wetu watatundikwa kwenye kuta za hoteli bila majina.

Kasanga tulishuka, tukapanda lori mpaka Sumbawanga, kisha Tunduma, Mbeya. Harusi ilifana. Kutoka Mbeya tukachukua Tazara kwenda Dar, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize.

Baba yako alikuwa ana hamu na reli ile tangu Wachina walipoikabidhi mwaka 1976, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, na alikuwa hajaipanda. Ukishapita Makambako kuteremkia Mlimba, treni inapita mlimani, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja. Inapokata kona unaliona behewa la mbele liko upande wa pili wa bonde. Akatoa kifua dirishani, akapiga. Nilimvuta shati. Wakati ule madaraja na reli vilikuwa vitu vya usalama wa nchi, na kila mtu alijua. Akaniambia, "Hii sitaiona tena."

Kituo kilichofuata aliingia askari, kijana tu, sare inampwaya. Hakutukana wala hakupiga. Aliomba kamera, akaitazama juu na chini kwa kuwa hakujua inafunguliwa wapi, na baba yako mwenyewe, kwa adabu, akamwonyesha jinsi ya kuifungua. Mlango ukafunguka. Yule kijana akavuta. Karatasi nyeusi ikatoka na filamu yake, ikamwagika mpaka sakafuni kama utumbo wa mbuzi, juani, dirisha liko wazi. Ndani ya roli ile mlikuwa na harusi ya binamu yetu, wazee wa Mbeya waliokuja kutubariki, na babu mmoja wa upande wa mama aliyefariki kabla ya mwaka kwisha. Askari akakunja kilichobaki, akarudisha kamera kwa mikono miwili, akashuka. Baba yako hakusema neno mpaka Dar.

Zilizosalimika ni zile alizokwisha kuzimaliza ziwani. Alikuwa akilamba gundi ya ule utepe wa karatasi, anaifunga roli, ananipa, nami nikizifunga kwenye pindo la khanga. Ndizo ulizonazo wewe kwenye sanduku. Yule askari alikuwa ametumwa, na hakujua anavuta nini. Wewe unajua.

Kama shida ni fedha, sema shida ni fedha. Nina mbuzi na nina pensheni yangu ndogo, tutazungumza. Usiendeshe usiku. Ule mkopo wa pikipiki umalize kwanza kabla hujatamani wa gari. Mama yako mpigie hata siku ambayo huna cha kumwomba. Na arobaini ya shangazi yako mkubwa hukuja, ila hilo tuliache.

Sasa fanya hivi. Fungua sanduku leo, mahali pakavu, usilifungue jikoni. Ukisikia harufu ya siki kwenye kipande chochote, plastiki yake imeanza kuoza. Kitenge, usikichanganye na vizima. Usishike katikati kwa vidole, shika pembeni. Toa vile vifuko vya nailoni, tia kila mkanda kwenye bahasha ya karatasi, na usiandike kitu chochote, majina nitayaandika mimi kwa penseli, maana wewe utaandika "watu melini". Kisha mwambie yule bwana kwamba sanduku lina mwenyewe, na mwenyewe yuko Ujiji. Akitaka picha ya meli aje, nitamkaribisha chai, nitamwonyesha, na tutazungumza nani yumo na nani ataulizwa kwanza.

Mtoto wa jirani yetu anapanda gari la Kigoma Ijumaa ya wiki ijayo. Mpe sanduku mkononi, alipakate njia nzima, lisiwekwe kwenye buti na ndoo za watu. Nauli ya mzigo nitamlipa mimi akifika.

Ni mimi shangazi yako.