Kutoa Ushahidi Mbele ya Madiwani

Mwanachuo hufundishwa kusema mbele ya watoto. Ni nadra kufundishwa kusema mbele ya waheshimiwa. Ibara ya 21 ya Katiba yetu humpa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu, na kijijini mwalimu ndiye hutumwa kwanza. Tungependa kueleza yaliyotupata sisi.

Shule yetu ilikuwa kando ya barabara ya lami itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo. Watoto wengi walitoka ng'ambo, upande wa pwani, nao walivuka kila asubuhi, wadogo wakishikwa mikono na wakubwa. Mwaka mmoja mtoto wa darasa la pili aligongwa na pikipiki, akavunjika mguu. Wazazi wakatutuma tukaombe matuta na kivuko. Masika hayo kamati ya madiwani ilisikiliza wananchi kwa njia ya mtandao. Basi tuliketi ofisini mbele ya kompyuta moja, tumevaa kama waendao arusini.

Tulipewa dakika 5. Tulimwamkia kila mheshimiwa kwa cheo chake, kama adabu ya pwani itakavyo, kisha tukasimulia historia ya shule. Mwenyekiti akatukatiza kwa upole: ni watoto wangapi wavukao, na magari mangapi hupita wakati huo? Hatukujua. Sisi tuwafundishao watoto kuhesabu tangu darasa la kwanza hatukuwa tumehesabu! Kabla hatujajibu umeme ulikatika, na kusema kweli tulishukuru.

Juma lililofuata jambo hilo likawa somo la hisabati. Kwa siku 5, nusu saa kila asubuhi, watoto wa darasa la sita waliketi pamoja nasi chini ya mwembe, mbali na lami, wakichora kijiti kwa kila gari na kijiti cha rangi nyingine kwa kila mtoto avukaye. Darasani vijiti vilifungwa vitano vitano, vikajumlishwa, vikawa jedwali, kisha grafu. Ubao ulijaa hata tukafuta tarehe ili kupata nafasi. (Mkaguzi angetulaumu, na atulaumu.) Hakuna aliyeuliza wastani una faida gani.

Tuliwasimulia pia habari za Martin Kayamba wa Tanga, ambaye mwaka 1931 alisafiri hadi London pamoja na Chifu Makwaia na Francis Lwamgira, wakatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuupinga mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Wao walivuka bahari. Sisi tulihitaji umeme tu.

Tuliposikilizwa mara ya pili tulitoa salamu moja kwa wote, tukataja ombi, kisha hesabu, kisha yale tuliyoyaona kwa macho. Mzee mmoja wa kamati ya shule alinong'ona kwamba tumekosa adabu. Tulimwomba radhi baadaye, lakini dakika 2 zilibaki, na madiwani walizitumia kutuuliza maswali. Hapo ndipo tulipojua kwamba barabara ile si ya halmashauri bali ya serikali kuu. Jambo hilo tulipaswa kulichunguza kwanza. Hata hivyo waliiandika hesabu ya watoto katika kumbukumbu, wakaahidi kuipeleka mbele pamoja na barua.

Matuta hayakuwekwa mwaka ule. Tulipohamishwa, darasa la sita walikuwa bado wanahesabu kila muhula, na mwalimu wa zamu alisimama kando ya lami na kitambaa chekundu.